Kifaru cha Wagonjwa

Kazi yangu ni maandishi. Ukikutana na daladala Buguruni nyuma imeandikwa "Kelele za Chura", au saluni yenye picha ya mwanamke mwenye shingo ya twiga na nywele zinazong'aa kama sufuria jipya, basi huenda mkono huo ni wangu. Mwaka wa kumi na saba huu naishika brashi. Herufi nimekosea mara moja tu, nilipoandika "Baa ya Mapumzko", na mwenye baa mwenyewe hakugundua mpaka mlevi mmoja alipomwonyesha.

Nayataja haya mapema ili usije ukadhani yaliyonikuta sebuleni kwa Mzee yalimkuta mwanagenzi.

Mzee ni mstaafu wa reli, nyumba ya tatu kutoka kibandani kwangu. Wenzake jioni wanakwenda kwenye bao. Yeye anafunga mlango, anavaa miwani juu ya miwani, anajenga vifaru. Vifaru vya vita, si wale wa mbugani. Binti yake aliyeko Uingereza humtumia maboksi, na ndani ya boksi mna vipande vya plastiki chungu nzima vimenasa kwenye fremu zake kama dagaa kwenye wavu. Unakata, unapiga msasa, unagundisha, unapaka rangi, na baada ya mwezi unapata kifaru kile kile cha vitani, ila kimepunguzwa mara 35. Tiger ya Wajerumani, kwa mfano, ilikuwa na urefu wa mita 8.45 pamoja na mzinga wake, na uzito wa tani 57. Mezani kwa Mzee haifiki sentimita 25. Ndala yangu inaizidi.

Taabu ya Mzee ni mikono. Inatetemeka. Gurudumu anaweza kugundisha, maana gurudumu halikimbii. Lakini alama, zile namba na nembo za pembeni, zimemshinda. Ndipo siku moja akaja kibandani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Fundi, unaweza kuandika namba ndogo?"

"Ndogo kiasi gani?"

Akatoa mfukoni punje ya mchele, akaiweka kwenye kiganja changu. "Inayoenea hapo."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jioni nikamwambia mama watoto kwamba nimepata kazi ya kuchora kifaru. Akauliza kama ni ukutani. Nikamwambia hapana, ni kwenye kifaru chenyewe. Akaacha kukuna nazi. "Utakwenda Ngorongoro? Na atakubali kusimama?" Ilinichukua nusu saa kumwelewesha, na nilipomaliza alinitazama kwa huruma zaidi kuliko pale mwanzo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kifaru cha Waingereza, Crusader, kilichopigana jangwani Libya mwaka 1941. Mzee alitaka pembetatu ya njano kwenye kichwa chake, yaani ile sehemu inayozunguka na mzinga. Nikamwuliza kwa nini njano, na hapa bluu ingependeza zaidi? Akaweka kikombe cha chai chini.

"Unadhani ni mapambo?"

"Si mapambo?"

"Fundi, hakuna rangi iliyopakwa kifaru bure."

Akachukua bahasha ya bili ya umeme akanichorea. Waingereza, kila rejimenti ya vifaru waliigawa kwenye skwadroni, na kila skwadroni ina umbo lake. Uru, kama lile la karata, ni makao makuu. Pembetatu ni skwadroni A. Mraba ni B. Duara ni C. Rangi nayo inasema ni rejimenti ipi ndani ya brigedi: ile kongwe kuliko zote ni nyekundu, inayoifuata njano, ya tatu bluu. Kwa hiyo pembetatu ya njano ni skwadroni A ya rejimenti ya pili. Kamanda aliyesimama kilomita moja ndani ya vumbi hana haja ya kuuliza mtu.

Nikasimama. "Mzee, hizi ni daladala!"

"Daladala gani?"

"Rangi ni njia. Mtu hasubiri kusoma kibao. Anaona mstari ubavuni kwa mbali, anajua hii ya kwetu, anaanza kukimbia kabla haijasimama."

Mzee akafikiri. "Sawa. Isipokuwa hapa ukikosea rangi unapigwa na ndugu yako." Akanionyesha mistari mitatu ya wima, nyeupe, nyekundu, nyeupe, ambayo Waingereza waliichora kwenye vifaru vyao mwishoni mwa 1941 kwa ajili hiyo hiyo, wasije wakafyatuliana wenyewe kwa wenyewe.

Pembetatu niliipatia. Kilichonitoa jasho ni nembo ya Divisheni ya 7 ya Deraya, panya mwekundu wa jangwani, yule mwenye miguu ya nyuma mirefu kama ya panzi. Nilimchora kwa brashi ya nyusi niliyoiazima kwenye mkoba wa mama watoto bila kumtaarifu. Mzee akamtazama kwa lenzi, kimya, muda wa kuchemsha yai.

"Huyu ni panya buku," akasema. "Huyu ametoka mtaroni Kariakoo. Mrudishe."

Wa pili alifanana na mbuzi. Wa tatu akakubalika, nikalipwa elfu kumi na chai ya tangawizi, na tangu siku hiyo kichwa changu kikaanza kuvimba. Nilikwenda kibanda umiza kutazama filamu ya vita, kila kifaru kikipita nasimama natangaza skwadroni yake, mpaka watu wakaomba nirudishiwe kiingilio changu niondoke.

Halafu ikaja Tiger.

Kwa kawaida boksi huja na stika zake. Unailowesha majini, inateleza kutoka kwenye karatasi, unaibandika. Za Tiger zilikuwepo. Ila mjukuu wa Mzee, mtoto wa miaka sita, alizigundua kabla ya babu yake, akazilowesha kwenye kopo, akajibandika mikononi mpaka mabegani, akaenda kucheza. Mzee alipogundua hasara alimkimbilia ili anakili walau zile za mkono wa kulia. Bibi alikuwa ameshamwogesha. Ushahidi wote ulikuwa kwenye beseni.

Tukabaki na mkono wangu. Mzee akaniambia Tiger anayoitaka si Tiger yoyote, ni ile yenye namba 131. Namba za Wajerumani zina adabu yake: tarakimu ya kwanza ni kombania, ya pili platuni, ya tatu gari. Kombania ya kwanza, platuni ya tatu, gari la kwanza. Tarakimu nyekundu zenye ukingo mweupe. Akanipa karatasi aliyochapishiwa steshenari, picha ya kifaru chenyewe, imepigwa kwa mshazari ikionyesha uso na ubavu mmoja. Yeye alikuwa anasafiri kwenda Tanga kwenye harusi, anarudi Jumamosi na wageni.

"Chora kama picha ilivyo," akasema akiwa ameshika mkoba. "Usiongeze, usipunguze."

Nikajifungia sebuleni kwake Alhamisi usiku, mimi, taa, lenzi na Tiger. Mjerumani wa plastiki alikuwa tayari ameshagundishwa kwenye tundu la juu, kiuno kizima nje, mikono miwili imeshika darubini usoni. Anatafuta adui.

Niliposogeza picha kwenye taa, nikaona jambo la kwanza. Ile 3 ya katikati imegeuka. Mgongo uko kushoto, matumbo yanatazama kulia. Moja zote mbili ziko sawa tu, maana moja hata ukiigeuza ni moja, zilikuwa vijiti tu. Nikasugua macho. Bado imegeuka.

Jambo la pili: usoni pa kifaru kuna ngao ndogo nyeupe, na ndani yake msalaba. Picha haikuwa na rangi, lakini pembeni Mzee alikuwa ameandika kwa kalamu, "msalaba mwekundu, upanga katikati".

Nikaweka brashi chini. Mimi nimewahi kuandika gari la wagonjwa la kituo kimoja cha afya. Kila fundi wa maandishi anajua siri yake: neno la mbele huandikwa kinyume, ili dereva aliyetangulia alisome sawasawa kwenye kioo chake, apishe. Sasa nina chombo chenye msalaba mwekundu mbele na tarakimu iliyogeuzwa. Mambo mawili yakikutana namna hiyo, mtu mwenye akili hahitaji la tatu.

Ilikuwa ambulensi.

Na la tatu lilikuwepo! Ubavuni kulikuwa na msalaba mwingine, huu mweusi wenye kingo nyeupe. Hapo nikawavulia kofia Wajerumani. Mbele msalaba mwekundu, ubavuni msalaba mweusi: wanakuchukua kama mgonjwa, ukifia njiani hawahangaiki kubadilisha gari.

Utaniuliza kwa nini sikumpigia simu Mzee. Fundi wa miaka kumi na saba akipiga simu kuuliza 3 inaandikwaje, kesho mtaa mzima unajua.

Kulikuwa na dalili nyingine, naikiri. Kwenye picha, ukikitazama kifaru usoni, kile kitobo cha bunduki kilikuwa kulia na dirisha la dereva kushoto. Kwenye kifaru cha plastiki kilichokuwa mbele yangu mambo yalikuwa kinyume: bunduki kushoto, dirisha kulia. Nililiona hilo. Nikalipima mara mbili. Nikasikitika sana, kwamba kiwanda kimemuuzia Mzee kifaru kilichokosewa, nikaamua nisimwambie, maana ana presha.

Nikachora. Sitaki kujisifu, lakini ile 3 ya kinyume ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Jaribu wewe kuandika tarakimu nyekundu kinyume, yenye ukingo mweupe mwembamba kama unywele, mahali ambapo hata nzi akitua anaziba. Nikaiandika ubavu wa kushoto, nikaiandika ubavu wa kulia kwa usawa. Ngao ilinichukua usiku wa Ijumaa wote. Upanga niliuchora kwa mwiba wa mlimau. Mkono uliniwasha nilipofika nyuma ya kifaru, pale penye nafasi nzuri kabisa ya kuandika "Mungu Nitangulie". Nikajizuia. Alisema usiongeze.

Jumamosi Mzee akarudi na wageni wake watatu. Mmoja wao alikuwa mwanajeshi mstaafu, wote wanamwita Afande, aliyeendesha kifaru cha Kichina, Type 59, wakati wa vita vya Kagera. Mtu mfupi, anatembea mikono ikiwa nyuma. Mimi nilisimama mlangoni nimevaa shati la kanisani.

Mzee akafunua kitambaa. Wageni wakasema "aaah". Afande hakusema "aaah". Akainama.

"IEI," akasoma. "Hili ni shirika la nani?"

"Ni 131, Afande," nikasema.

"Kijana, mimi macho yangu mazima. I. E. I."

Mzee akachukua lenzi. Nikaona shingo yake inapoteza nguvu taratibu. Akaenda ubavu wa pili. Huko nako IEI.

Afande alikuwa ameshafika mbele. "Hiki cha nani?"

"Cha Mjerumani," akajibu Mzee kwa sauti ndogo. "Tunisia, Aprili 1943. Kiko vitani."

"Kimetekwa."

"Bado hakijatekwa, Afande."

"Kimetekwa," akarudia. "Ubavuni ana msalaba wake mweusi, usoni ana ngao ya mtu mwingine. Sisi na Walibya waliokuja kumsaidia Idi Amin mwaka 1979 tulikuwa na vifaru vya tumbo moja, Type 59 yetu na T-55 yao, baba yao T-54. Ukiviona kwa mbali ni mapacha. Mtu wa namna hiyo anajifunza kutazama alama. Chenye alama za pande mbili, hicho kimeshatekwa." Akanyoosha kidole kwa yule jamaa wa darubini. "Sasa huyu anatafuta adui wa nini? Adui si kambandika stika kwenye paji la uso! Ni beki wa Yanga kavaa jezi ya Simba, bado anakaba."

Mzee akakaa kwenye kochi. Ikabidi aeleze, na alieleza akiwa amefumba macho. Ile 131 ilipigwa kombora likakwamisha kichwa, watu wake wakaruka wakakimbia, Waingereza wakaipata karibu nzima. Wakaichora nembo zao, ikiwemo hiyo ngao ya Jeshi lao la Kwanza, wakaionyesha Tunis, ambako Winston Churchill na Mfalme George VI walikwenda kuitazama kwa macho yao. Leo iko makumbusho ya vifaru Bovington, Uingereza, na injini yake bado inanguruma. Picha aliyonipa ilipigwa baada ya kutekwa. Yeye alitaka ya kabla.

"Nilisahau kukwambia ngao uiache," akasema. "Lakini kwani nilisema usipunguze?"

"Ulisema, Mzee."

"Nilisema." Akanyamaza kidogo. "Na hii 3?"

Nikampa karatasi. Akaiangalia, akaenda nayo mpaka kwenye kioo cha kabati la vyombo, akaishika mbele ya kioo. Nami nilikuwa nyuma yake, nikaona kwa macho yangu: mle kiooni 3 ikakaa sawa, bunduki ikahamia kushoto, dirisha la dereva likaenda kulia, kila kitu kikarudi nyumbani kwake kama kuku jioni. Kiwanda cha watu hakikuwa na kosa lolote.

Baadaye kijana wa steshenari alituambia bila haya kwamba siku ile alikuwa anachapa vikombe vya harusi. Picha ya kikombe lazima uichape kinyume ndipo ikihamia kwenye kikombe ikae sawa, naye akasahau kurudisha mashine. Kwa hiyo Mzee alipewa Tiger ya kikombe.

Lakini hayo ni ya Jumatatu. Jumamosi ile bado nilikuwa nimesimama na shati la kanisani.

"Nikuulize, fundi," akasema Mzee. "Ulipoona msalaba mwekundu, ulidhani ni wa nini?"

Nilitazama dari.

"Sema tu, mwanangu."

"Ambulensi."

Kukawa kimya. Afande akauliza pole pole, "Ambulensi yenye mzinga wa milimita 88?"

"Nilidhani ni wa kufungulia foleni."

Sijawahi kuona wazee wanne wakicheka namna ile. Mmoja alitoka nje akashika mpapai. Afande alilia machozi, akajifuta kwa kitambaa kilichokuwa kimefunika kifaru, na kila aliponyamaza Mzee alimwambia "IEI" wakaanza upya. Mjukuu akaingia kuona kuna nini, akaambiwa, akacheka naye, huyo mwenye kosa la asili.

Walipotulia tukajadili dawa. Tarakimu niliahidi kuzirekebisha siku hiyo hiyo. Ngao ikawa kesi. Kuifuta maana yake ni tina, na tina haichagui, ingekula na rangi ya Mzee ya chini, mwezi mzima wa kazi. Mzee alikuwa ameshainua mikono.

"Usiguse ngao," akasema Afande. "Hamisha tarehe."

"Vipi?"

"Hii tena si vitani. Hii ni Tunis, imeshatekwa, watu wanakuja kuitazama. Kifaru hakina kosa. Mwenye kosa ni huyo aliyekaa juu."

Basi tukamfukuza Mjerumani. Kumng'oa ilikuwa kazi, Mzee alimgundisha kwa moyo wote, na alipotoka aliacha viatu mle ndani. Tukaweka Waingereza wawili kutoka boksi la Crusader, mmoja ameegemea ngao yangu kana kwamba ameichora yeye. Kisha Mzee akamwonea huruma yule jamaa. Akasema mateka naye ni mtu, asimame hapo chini pembeni, ila darubini mateka hawezi kubaki nayo. Nikaikata kwa kisu cha wembe, taratibu, nikabakiza mikono.

Amesimama pale mpaka leo, kando ya kifaru chake, miguu mitupu mchangani, viganja vyote viwili usoni. Kila mgeni akiingia anauliza huyu analilia nini. Mzee hajibu. Ananyoosha kidole kibandani kwangu.